Kamba Namba Saba

Soli ya kiatu cha kulia cha Murdo Rennie ilibanduka dakika ishirini kabla ya treni ya London kuondoka. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, stesheni kuu ya Glasgow imejaa watu, naye amevaa koti refu la sufu rangi ya majivu na shati jeupe lililonyooshwa likanyooka. Akachechemea hadi kwenye kibanda cha fundi viatu huku soli ikipiga sakafu, paa, paa, na watu wakigeuka kumtazama.

Kibandani mlinuka gundi na ngozi. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, Morven Gilchrist, aproni ya ngozi juu ya sweta jekundu, nywele zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Nyuma yake baba yake, mzee Archie, alikuwa akichonga ufunguo.

"Nisaidie dada, nina usaili saa tisa."

Morven alimtazama usoni, kiatu hakukitazama. "Wewe si ulikufa Jumapili?"

"Jumapili nilinyongwa. Kuzamishwa mtoni ilikuwa mwezi wa pili."

"Baba, njoo umwone maiti wako!"

Mzee Archie aliacha ufunguo, akampa mkono. "Kijana, nchi hii hakuna anayekufa vizuri kama wewe. Wenzako wanapepesa kope, nawaona. Wewe hupepesi."

Sifa hiyo ilimfurahisha Murdo na kumuuma. Alikuwa mtoto wa mchomea vyuma wa Govan, mtaa wa Glasgow, na kwa miaka ishirini alikuwa amefanya kazi ya uigizaji kwa uvumilivu wa punda. Kila tamthilia ya upelelezi iliyorekodiwa Uskochi ilimhitaji siku moja au mbili, alale chini asipumue. Mara chache alipewa sentensi moja kabla ya kuuawa. Watu walimjua sura, jina hawakulijua.

Usaili ule haukumpa nafasi. Jumatatu alirudi kibandani na jozi nyingine ya viatu.

Morven alivigeuza huku na huku. "Hivi vina nini?"

"Havina kitu."

"Sasa umeleta nini?"

"Nimejileta mwenyewe."

"Basi weka hapo juu ya meza, tutaangalia kama unatengenezeka."

Mapenzi ya watu wazima hayana haraka, lakini yale yalikimbia. Kufika majira ya baridi, Murdo alikuwa akila kila Jumapili kwa kina Gilchrist, na mzee Archie akimbishia mpira kama mkwe aliyezoeleka. Kilichomkamata Morven ni sauti. Murdo alikuwa na lafudhi ya Govan isiyofutika, nzito, yenye kicheko chini yake. Akiisikia kwenye simu, Morven aliacha nyundo.

Ndipo bahati ikagonga hodi. London walimpa nafasi ya kuigiza jaji Mwingereza, vipindi vinane.

"Mpenzi, safari hii sifi!" alipiga kelele kwenye simu. "Mpaka mwisho niko hai!"

Lakini palikuwa na sharti. Mwalimu wa lafudhi, mama mmoja mkavu, alimwambia siku ya kwanza kwamba kwa miezi mitatu asiongee Kigovan popote, iwe dukani au kwenye simu, maana ulimi ukirudi kwao usiku, asubuhi jaji atakuwa amepotea. Murdo, aliyengoja miaka ishirini apewe kinywa, alitii.

Mwanzoni Morven alicheka. "Mheshimiwa jaji, umekula?"

"Nimekula, mpenzi wangu. Asante kwa kuuliza."

"Mh! Mpenzi wangu, asante kwa kuuliza. Niitie Murdo kwanza."

"Ni mimi, Morven. Vumilia kidogo."

Wiki ya tano hakucheka tena. Alikuwa anaongea na bwana msafi, mwenye maneno yaliyopigwa pasi, ambaye hakumpenda Morven wala hakumchukia. Wiki ya saba, Jumanne saa nne asubuhi, mzee Archie alianguka kibandani ufunguo ukiwa mkononi, na hakuamka.

Morven alimpigia Murdo akiwa bado na aproni. "Baba amefariki."

Ikaja ile sauti ya London, laini, iliyopimwa: "Nasikitika mno, Morven. Alikuwa mtu mwema sana."

"Hata leo?"

"Morven..."

"Hata leo unanipa pole kwa mdomo wa mtu nisiyemjua? Baba yangu alikupenda, Murdo. Huyo jaji hakuwahi kumwona!" Akakata. Murdo alipiga mara kumi na moja. Hakupokea.

Mimi simlaumu Morven. Ila kiburi chetu watu wa Glasgow nakifahamu, maana ninacho pia. Kwetu jeneza linashushwa kaburini kwa kamba nane, na kila kamba ina mtu wake. Kadi zinagawiwa kabla ya siku yenyewe, zina namba. Namba moja, ya kichwani, ni ya mume, mke au mtoto. Kupewa kamba ni kuambiwa wewe ni wa nyumba hii. Haiombwi hata siku moja, na aliyeitoa hamkumbushi aliyepewa.

Kwa hasira zake zote, Morven aliandika jina la Murdo kwenye kadi namba saba. Halafu, badala ya kumpigia simu, akaituma kwa posta kwenye nyumba yake ya Govan, iliyofungwa miezi miwili. Akasubiri jibu. Lilipokosekana, alisema moyoni kwamba basi, amekataa.

Netta, shangazi yake Morven, ndiye aliyemtajia Murdo siku ya mazishi. Murdo naye alingoja kadi, haikuja, akaelewa kwamba ametolewa nyumbani. Hata hivyo alipanda treni ya alfajiri. Alisimama mbali, karibu na geti la makaburi, suti nyeusi imelowa mvua, kwa sababu asiye na kamba hasogei.

Morven alivaa koti jeusi la marehemu mama yake, akashika namba moja. Msimamizi wa mazishi alisoma majina, watu wakatoka mmoja mmoja.

"Namba saba. Murdo Rennie."

Hakuna aliyesogea. Watu walitazama viatu vyao. Morven alifumba macho. Msimamizi alisubiri, akakohoa, akamgeukia binamu mmoja.

"Nipo!"

Ilikuwa sauti ya Govan, nzito, imepasuka katikati. "Nipo, bwana. Nakuja, nisubirini." Alikuja mbio kwenye matope huku analia waziwazi, akaipokea kamba, wakamshusha mzee Archie pamoja.

Watu walipoondoka kwenda kula pai ya nyama na kunywa, wawili wale walibaki.

"Kadi sikuiona," Murdo alisema.

"Niliituma Govan."

"Govan! Na mimi niko London, Morven?"

"Nilikuwa na hasira. Ungekuwa wewe je?"

"Ningeituma Govan." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sikiliza. Siku ile uliponipigia, sikung'ang'ania ile sauti kwa ajili ya kazi. Ile sauti hailii. Ningeiacha, ningeanguka pale pale, nawe ulihitaji mtu aliyesimama. Nilikosea."

"Nilihitaji wa kuanguka naye," Morven akasema, na sasa machozi yalimshuka.

Alimkumbatia. Walikaa hivyo mpaka wachimbaji wakaanza kusogea na makoleo yao.

"Jumatatu narudi," Murdo alisema. "Nimeshamwambia yule mama wa lafudhi: jaji ataishia kwenye kamera. Simu ni ya kwangu. Akitaka kunifukuza, anifukuze."

"Akikufukuza?"

"Nitakufa tena Jumapili."

Morven alicheka huku analia, kisha akaligeukia kaburi.

"Murdo, mimi sina mtoto. Baba ndiye huyo ameondoka." Alimshika ukosi wa suti. "Siku yangu ikifika, namba moja uishike wewe."

Murdo alimtazama. Alizaliwa mji ule, hakuhitaji kuelezwa nani hushika kamba ya kichwani.

"Wewe mwanamke, unanichumbia makaburini?"

"Nijibu kwanza."

"Nitaishika," alisema.