Mwaloni wa Bibi Zenobia Haukungoja Machi

— Odette, leo tarehe ngapi?

— Kumi na mbili Septemba, Bibi.

— Basi huo mti umepotea njia.

Bibi Zenobia alikuwa amesimama barazani, ameegemea mkongojo, akiyatazama majani niliyokuwa nafagia. Yalikuwa yamefunika ngazi zote na kutapakaa hadi kwenye barabara ya matofali mbele ya nyumba. Hapa Savannah, kusini mwa Marekani, kila mtoto anajua kwamba mialoni yetu haipukutiki kama miti ya kaskazini. Inavua majani mara moja tu, Machi, na mwezi huohuo inavaa mapya. Septemba haivui hata kwa kubembelezwa.

Nikamjibu kwamba Garrick amesema ni ukame tu.

— Garrick amezaliwa Ohio, huko kaskazini, akasema, akaingia zake ndani.

Niliudhika. Garrick alikuwa mchumba wangu, na kazi yake ilikuwa kutibu miti. Alikuja kwetu miaka miwili nyuma, baada ya kimbunga kuvunja tawi moja. Siku hiyo aliuzunguka mwaloni akiugonga kwa nyundo ya mpira, sikio kwenye gome, na mimi nimesimama mlangoni namtazama, mjinga mimi, natamani niwe gome.

Tulipanga kuoana Aprili chini ya mti huohuo. Bibi aliruka ufagio pale siku ya ndoa yake, kama ilivyo desturi ya harusi kwetu Wamarekani weusi, mama yangu vilevile. Ufagio wenyewe, wa nyasi, una utepe mweupe, ulitundikwa juu ya mlango wa sebule kumsubiri anayefuata. Anayefuata nilikuwa mimi.

Jirani yetu ni hoteli. Kwa miaka mingi walitaka kujenga ukumbi upande wetu, mizizi ya mwaloni ikawazuia, maana jiji haliruhusu mwaloni mkubwa ulio hai kuguswa. Uliokufa ni habari nyingine: kibali asubuhi, msumeno mchana. Hayo mtaa mzima tunayajua. Mimi tu sikuyaunganisha.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha. Juu ya matawi ya mialoni huota kangaga, jani dogo lisilohitaji udongo, ambalo jua likiwaka hujikunja likawa kahawia, na likipata maji hufumuka. Kesho yake mti mzima ulikuwa kijani. Nikaupiga picha, nikamtumia Garrick.

"Umeona? Umepona."

"Si nilikwambia, mpenzi. Mwambie Bibi apunguze presha."

Nikampelekea Bibi simu jikoni, alikokuwa anakoroga wali mwekundu. Aliitazama ile picha kwa muda.

— Hili ni kangaga, mjukuu wangu. Kangaga hunywa mvua hata juu ya mti mfu. Umekulia chini ya mti huu, nani kakufumba macho?

Nilimjua aliyenifumba, na nilikuwa nimemshukuru.

Bibi hakuniuliza tena. Alimpigia Mzee Cleophus, shemasi wa kanisani kwetu, aliyefanya kazi ya miti ya jiji miaka thelathini. Akaja Jumamosi na kisu cha mfukoni. Alikwangua gome la kijitawi, na ndani, mahali panapotakiwa kuwa kijani, palikuwa pakavu. Kisha akapiga magoti, akafukua udongo kuzunguka shina.

— Nani katoboa haya?

Matundu yalikuwa kumi na moja, kila moja upana wa kidole gumba, yamezibwa kwa nta iliyopakwa tope ifanane na gome.

— Garrick, nikasema. Mwezi wa Juni. Alikuwa anaupa mti dawa.

— Dawa ya mti hutiwa kwenye tundu jembamba kama njiti ya kiberiti, binti yangu, na mti huachwa ujifunge wenyewe. Haya yamefichwa. Ulikuwepo?

— Nilimshikia ndoo.

Mzee Cleophus akavua kofia. Bibi aliketi kwenye ngazi taratibu, mkono mmoja juu ya mzizi. Hakuna aliyenilaumu, na heri wangenilaumu.

Nikamwandikia Garrick: "Mzee Cleophus ameyaona matundu." Ujumbe ukasomwa. Ilipita saa nzima ndipo akapiga.

— Odette, yule mzee amepitwa na wakati, usimsikilize.

— Ndoo ilikuwa na nini?

Nikamsikia anawasha gari.

— Niliishika mimi kwa mikono yangu, Garrick. Ilikuwa na nini?

— Nakuja.

Alikuja mchana uleule, akasimama chini ya mti, majani yakimwangukia mabegani. Alieleza mengi. Kwamba hoteli ilimtafuta kabla hajanijua. Kwamba mti ulikuwa mzee, ungekufa tu. Kwamba walimwahidi bustani zao zote, azitunze yeye, na maisha yetu yangenyooka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Wangu nilikuwa nimemnunulia na suti ya harusi.

— Kwa hiyo siku ya kwanza ulikuja kwa ajili ya hoteli.

— Nilikuja kwa ajili ya mti. Nilibaki kwa ajili yako.

— Juni ulikuwa umeshabaki.

Akapangusa majani mabegani.

— Na ungenioa hapa hapa, chini yake?

Machozi yalikuwa yanamtoka.

— Niliipima ile sumu, Odette. Niliipima ili mti ufike Aprili.

Alidhani hilo litanilainisha. Mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka, kwa sababu najua alilisema kwa mapenzi.

Nikavua pete, nikaitia kiganjani mwake. Hapo sauti yake ikabadilika.

— Ukinishtaki, na wewe umo. Ndoo uliishika wewe.

— Najua. Nitaanza na hilo.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya jiji pamoja na Mzee Cleophus. Mstari wa kwanza wa maelezo yangu una jina langu na ile ndoo. Waliniuliza mara tatu kama nina uhakika nataka ubaki hivyo. Hoteli imezuiwa kujenga, Garrick haruhusiwi tena kugusa mti wowote mjini, na kesi yake bado inasikilizwa. Yote hayo hayakuurudishia mwaloni jani hata moja.

Februari wakaja kuukata, usije ukaangukia nyumba. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Matawi yakalala barabarani juu ya matofali, na vumbi la mbao likajaa barazani. Nikatafuta ufagio. Bibi akaingia sebuleni, akautungua ule wa juu ya mlango, akanipa.

— Huu umesubiri vya kutosha, akasema. Fagia nao.

Nikafagia mpaka utepe wake ukawa rangi ya tope. Sikulia hapo; nililia baadaye, nilipoona jua linaingia jikoni, mahali ambapo halijawahi kuingia tangu nizaliwe.

Mama mmoja mtalii, ana mwavuli, alisimama kando ya matawi akiyapiga picha. Akaniuliza kwa upole kwa nini wamekata mti wa kijani namna ile.

— Hilo ni kangaga, nikamwambia. Hata mimi lilinidanganya.