Niliachwa Kwenye Miamba ya Kwaraa

Nina umri wa miaka thelathini na nne, mke wa mtu na mama wa binti mmoja, Glory. Nashona nguo hapa Babati mjini, na nyumba yetu ipo Maisaka. Wasomaji wenzangu, wingu likitanda huwa nashindwa hata kuzungusha cherehani... Mguu unauma, ndiyo, lakini kinachonishinda ni woga.

Nilikuwa na rafiki, hapa nitamwita Upendo. Alikuja Babati akitokea Singida baada ya kuolewa, tukakutana kwenye kwaya ya kanisani, tukashibana mpaka watu wakadhani ni ndugu. Upendo hakujaliwa mtoto. Mama mkwe alimsema, mawifi walimsema, na mume akaanza kuchelewa kurudi. Machozi yake niliyafuta mimi. Nani mwingine angeyafuta?

Ndipo akaniomba nimsindikize Mlima Kwaraa, Jumamosi na Jumapili, tufunge bila kula wala kunywa na kuliombea tumbo lake. Kupanda mlimani kuomba si jambo geni kwetu. Tatizo ni kwamba mumewe alishamkataza. Alimwambia akisikia amepanda mlima tena, atamrudisha kwao. Kwa hiyo Upendo akasema funga yetu iwe ya siri, tuage kwamba tunakwenda kwenye mkesha Dareda. Simu tuziache nyumbani, eti zinavuruga maombi. Nikakubali. Nilimdanganya mume wangu, Baba Glory, kwa macho makavu kabisa.

Tulianza asubuhi, jua likiwaka na ziwa la Babati liking'aa chini yetu. Wenyeji husema Kwaraa akivaa kofia ya wingu usimkaribie, na asubuhi ile kichwa chake kilikuwa wazi. Tulipita msituni, tukafika kwenye miamba ambako mtu anapanda kwa mikono na magoti. Hapo ndipo wingu liliposhuka. Sikuona hata lilikotoka! Mara baridi, mara mvua ya mawe, mara kimya na ukungu mzito, kiasi kwamba nilimsikia Upendo akihema lakini nisimwone.

Nilimwambia tushuke. Akasema, "Vumilia, Mama Glory. Adui ndiye analeta hii mvua, anajua tumekaribia."

Nikavumilia. Jiwe nililokanyaga likang'oka...

Nilijikuta nimelala kwenye kibaraza chembamba cha mwamba, mguu wa kushoto umepinda pasipopinda mguu, na pembeni yangu ukungu mtupu. Shimo lilikuwa na kina gani? Sikujua, na kutokujua huko ndiko kulikonitetemesha. Upendo akateremka taratibu mpaka nilipo, akanifunika kitenge chake, akalia. Akaapa kwamba anakwenda mjini kuita watu, na kabla ya giza watakuwa wamefika.

Nikangoja. Kila kokoto lililoporomoka nilidhani ni watu. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikakamua maji ya mvua kwenye kitenge nikanywa, na funga yangu ikaishia hapo. Giza lilipoingia nilikuwa bado peke yangu. Niliogopa chui. Niliogopa kusinzia nikabingirika. Lakini hofu iliyonila zaidi ilikuwa kwamba Upendo naye ameanguka, na hakuna mtu duniani anayejua tulipo... Nilimlilia! Nilimwombea kuliko nilivyojiombea mimi!

Jumapili jua likiwa juu, mzee mmoja mrina asali alinisikia nikigonga jiwe kwa jiwe. Akaita wenzake, wakanishusha kwa machela ya miti huku nikipiga yowe njia nzima. Hospitalini nilikuwa na neno moja tu, wamtafute mwenzangu.

Baba Glory alipofika hakunigombeza. Alikaa pembeni ya kitanda, bado amevaa suti ya kanisani, akashika kichwa. Kisha akaniambia Upendo hajapotea. Asubuhi ile alikuwa kanisani, mzima, ameimba na kwaya. Ulipofika wakati wa mahitaji ya maombi alisimama, akaomba kanisa limkumbuke dada mmoja aliye katika hali ngumu. Hakutaja jina. Mchungaji akaomba, kanisa likaitikia. Na mume wangu akaitikia amina pamoja nao, akidhani mkewe amebaki Dareda anaimba mapambio.

Jamani... mtu anawezaje?

Baadaye Upendo alikuja kuniona, akapiga magoti. Alisema alishuka na nia njema, ila alimkuta mumewe mlangoni na ulimi ukawa mzito. Angesema, angerudishwa Singida. Akajifungia chumbani, akaniombea mpaka kukakucha.

"Na Mungu amejibu, Mama Glory," akasema. "Si umepona?"

Namwamini kwamba aliomba. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Ndugu zangu, fungeni, ombeni, pandeni milima mkitaka. Lakini usitoke bila kumwambia mtu wa nyumbani kwako unakokwenda, hata kama atakasirika, hata kama umeapishwa. Na usimkabidhi uhai wako mtu mwenye siri ya kulinda. Siku ya siku atachagua siri yake.

Nilimjibu Upendo kwamba maombi yake nashukuru, ila kule juu na mimi nilikuwa naomba. Nilichokosa ni miguu ya kushuka, na yeye alikuwa nayo.