Karibu ya Mama Egidi

Shombo lilianzia sebuleni. Hapo ni Songea, bahari iko mbali huko, lakini nyumba ya Severina ilinuka maji ya chumvi tangu mwanawe Egidi aliporudi kutoka mafunzo ya ubaharia.

Alirudi jioni ya mvua. Severina alikuwa jikoni anasonga ugali, akasikia hodi, na kama tulivyozoea akajibu kabla ya kuona sura: "Karibu, pita ndani, hapa ni kwako." Angejua, angeuma ulimi. Egidi akasema merikebu ya mafunzo imemrudisha kwa sababu ya homa, na mkono wa kushoto, alioufunga kitambaa, umekatwa na kamba. Mama gani angemhoji mtoto aliyelowa chapachapa? Alifurahi hadi akalia.

Furaha haikukaa. Egidi alitaka chumvi kwenye uji, chumvi kwenye chai. Kitambaa hakukifungua, na kila kiti alichokalia kilibaki na maji. Severina akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni, huku akijilaumu kwa kumshuku mtoto wa kumzaa mwenyewe.

Jumamosi mchana Hilda, jirani yake, akaja mbio. "Mama Egidi, washa tivii. Wanaonyesha zile meli za kina Egidi."

Merikebu za kale za matanga zilikuwa zimekusanyika katika bandari moja ya ng'ambo, na vijana wanagenzi wamepanda milingotini wakiwapungia watu.

"Hii ni ya leo?" Severina akauliza.

"Ya sasa hivi. Si wameandika mubashara pale juu?"

Kamera ikamsogelea kijana mmoja aliyepunga mkono wa kushoto. Kidole chake cha shahada kilikuwa kifupi. Kilikatwa na mashine ya kahawa ya babu yake kule Mbinga, na Severina ndiye aliyemfunga kidonda siku ile.

"Mama Egidi," Hilda akanong'ona, "sasa huyo aliyelala chumbani ni nani?"

Mlango wa chumba ukafunguka taratibu, shombo likatangulia, kisha zikaja nyayo zinazochuruzika maji sakafuni, na yule waliyemwita Egidi akasimama nyuma ya kochi akifungua kitambaa mzunguko kwa mzunguko, mpaka vikaonekana vidole vitano vizima, vimenyauka kama vya mtu aliyefua kutwa. Hilda akakimbia nje kwa mlango wa nyuma. Simlaumu.

"Toka," Severina akasema. "Kwa jina la Mungu, toka kwangu."

"Nitatoka, mama. Wewe ulinikaribisha, wewe unaweza kunifukuza." Jini yule alisema kwa sauti ile ile ya mwanawe, kwa upole. "Ila kwetu ni pale, chini ya ile merikebu. Nilitaka kumchukua Egidi, nikaona kwanza nionje malezi yake. Nikitoka hapa, narudi kwake."

Kwenye tivii bendera zilikuwa zimelala, hakuna upepo, lakini tanga la merikebu ya Egidi lilianza kutikisika. Kijana akakumbatia mlingoti, akainama kutazama majini kama aliyeitwa kwa jina.

Severina aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Akainuka, akaenda jikoni, akapakua ugali na mboga ya majani, akatia chumvi konzi nzima. Akaweka sahani mezani, na safari hii alimtazama usoni.

"Karibu chakula, mwanangu," akasema.

Tanga likatulia.