Chipu Inayofuata Sitini

SAA 4:10 ASUBUHI

Marwa alichora ghala kwa chaki juu ya meza, chumba cha nyuma cha kinyozi, Tarime mjini.

"Mlango mmoja. Mlinzi mmoja. Probox inabeba maboksi kumi, basi. Waitara, tunachukua yapi?"

Waitara alikuwa fundi kompyuta, kijana aliyelelewa akaleleka. Tangu tajiri mmoja ajenge ghala la kompyuta za kuchimba pesa za mtandaoni kule Kemambo, vijana wenzake walichimba mawe ya dhahabu, yeye akachimba tetesi za kadi za kompyuta kwenye simu. Hata kula alisahau.

"Kadi ya mwaka juzi iliitwa Hamsini. Ya mwaka jana Sitini. Inayokuja ni Sabini. Ndani wameunganisha chipu mbili."

"Kiwanda kimekwambia?" Tomaso, dereva, akamchokoza.

"Ni kama marika yetu ya tohara. Umewahi kuona rika limerukwa?"

Mkurya gani atabisha hapo? Marwa akaridhika.

"Akinyi wa Sirari, kule mpakani, ananunua chipu mpya tu. Ukikosea, wewe ndiye tutakayemwacha."

Waitara akacheka. Akakunja mikono ya shati lake jekundu.

SAA 6:25 MCHANA

Nashoni, mlinzi, alikuwa anakula. Alipomwona Waitara akasogeza sahani. Walitahiriwa msimu mmoja.

"Karibu ugali, ndugu yangu."

Marwa akamtandika rungu la kisogo. Damu ikaingia kwenye mboga.

Waitara hakuthubutu kutazama chini. Alitazama maboksi. Upande huu yameandikwa 70. Upande ule 100. Hii Mia imetoka wapi?

"Chagua," Marwa akasema.

"Ngoja nisome kwanza..."

"Chagua."

"Sabini."

SAA 8:40 MCHANA

Akinyi alichomeka kadi kwenye kompyuta yake dukani Sirari. Akasoma, akasonya.

"Manze, hii ni chipu ya Sitini. Wamebadilisha jina tu. Ile mpya wameruka namba, wakaiita Mia. Iko wapi?"

Marwa akatoka nje, simu sikioni. Waitara akamfuata, akasikia yote.

"Shikamoo mzee. Aliyempiga mwanao Nashoni yuko hapa Sirari, kwa Akinyi. Ana shati jekundu."

Tomaso alishawasha gari. Waitara akashika mpini wa mlango. Umefungwa kwa ndani.

"Tomaso. Nifungulie, kaka."

Tomaso alitazama mbele. Marwa akaingia upande wa pili.

"Nilikwambia saa nne," akasema. Wakaondoka.

SAA 8:52

Pikipiki nne zilikata kona ya mnadani, kila moja na watu wawili, marungu mapajani. Ndugu zake Nashoni wa hapa Sirari.

Simu ya Waitara ikaita. Boke, mkewe.

"Unakuja kula, au nifunike?"

"Funika."

Akaanza kukimbia, huku anafungua vifungo vya shati. Walimfikia akiwa kwenye kifungo cha pili.