Zunguka Kidogo Tu

Kila asubuhi, kengele ya shule ilipolia, darasa la sita lilipanga mstari likasubiri kioja chake. Kioja chenyewe kilikuwa Nalotuesha. Sala ilipofika "Amina," ndipo naye alipokuwa akiruka mtaro wa langoni, viatu mkononi, udongo mweusi ukiwa umempanda hadi magotini. Mwalimu Githongo wa zamu hakugombana naye. Alimwonyesha ufagio tu, na Nalotuesha akaenda kufagia ofisi kama mtu aliyeajiriwa.

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa elimu ya bure, na Kitengela nyumba zilikuwa zikiota kuliko nyasi. Miongoni mwa waliokuja kujenga alikuwa Bwana Wanyonyi, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji huko Athi River. Yeye na familia yake walitoka Bungoma, wakapanga vyumba viwili mjini, na polepole wakawa wanajenga kwenye ploti yao, kiwanja cha futi hamsini kwa mia.

Binti yake, Namalwa, alikuwa na miaka kumi na miwili na ugonjwa usiotibika hospitalini: kutaka kujua. Alikuwa amekwisha kuchunguza kwa nini kuku wa jirani hutaga kwenye ndoo ya mchanga. Alikuwa amechunguza pia kama mwalimu aliyewekewa chaki zilizolowa maji atamjua aliyezilowesha. Alimjua. Sasa Namalwa akataka kujua habari ya Nalotuesha.

"Wewe unachelewanga kwa nini?" alimuuliza wakati wa mapumziko.

"Niko na mbuzi. Lazima wanywe maji kwanza."

"Hata sisi tuko na kuku, na hatuchelewi."

"Kuku wenu wanakunywa wapi?"

"Kwa bakuli."

"Basi hujui kitu," Nalotuesha alisema bila hasira. "Kuja Jumamosi."

Jumamosi alfajiri Namalwa alifika bomani. Baba yake Nalotuesha, Mzee Simel, alikuwa akifungua zizi. Namalwa alimnyooshea mkono kwa adabu zake zote. Mzee akautazama ule mkono, akangoja.

"Inamisha kichwa," Nalotuesha alimnong'oneza.

Namalwa aliinamisha, akidhani labda anakaguliwa chawa. Mzee Simel akamgusa utosini kwa kiganja chake, kama wazee wa Kimaasai wanavyowasalimu watoto, akamwambia, "Karibu, mtoto. Chunga miiba."

Lambo la maji lilionekana kutoka pale pale bomani, liking'aa kama sufuria mpya.

"Ni pale tu?" Namalwa alicheka. "Na ndiyo unachelewa?"

"Ni pale tu kwa macho," Nalotuesha akajibu.

Wakaondoka. Mbele alitangulia mbuzi jike mzee mwenye pembe moja, naye alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ua wa seng'enge, akagusisha paji la uso kwenye waya, akasimama. Wenzake wote wakasimama nyuma yake.

"Huyu anajua njia ya zamani," Nalotuesha alieleza, akimsukuma. "Mimi ndiye najifunza mpya."

Walizunguka ua ule. Wakakutana na mwingine, wakauzunguka. Wakarudi nyuma kwa sababu ya ukuta wa mawe, wakapita mgongoni mwa rundo la kokoto, wakashuka mtaro, wakapanda mtaro. Lambo lilikuwa kulia, likawa kushoto, kisha likawa nyuma yao kabisa. Namalwa aliona jambo hilo kuwa la ajabu sana.

"Nani aliwaambia mpite huku?"

"Wote. Ule ua wa kwanza ni wa Bwana Ondiek. Mtu mzuri, alitupa hata maandazi. Akasema, 'Zungukeni kidogo tu.' Huyu wa ukuta ni Mama Caroline wa kanisani. Naye akasema tuzunguke kidogo tu."

"Na hamkukasirika?"

"Kwa nini tukasirike? Si ni kidogo tu?"

Jua lilikuwa limekwisha kupanda walipofika kwenye uwazi wa mwisho kabla ya lambo. Kando ya uwazi ule palikuwa na nguzo mpya zimelazwa, ncha zake zimepakwa rangi nyekundu.

"Hapa ndipo pamebaki," Nalotuesha alisema. "Wakifunga hapa, itabidi tupitie barabara ya Namanga, katikati ya malori. Baba amekataa. Amesema tutahamia kwa nyanya, mbele ya Kisaju, na mimi nitaenda na mbuzi."

"Na shule?"

"Kule shule iko mbali kuliko maji." Alizitazama zile nguzo. "Sijui ni za nani."

Namalwa alijua. Rangi ile nyekundu aliipaka yeye mwenyewe, akiimba. Lakini msichana huyo ambaye hakuwahi kukosa neno aligundua ghafla kwamba kamba ya kiatu chake ilihitaji kufungwa.

Jioni alimuuliza baba yake, "Baba, tukifunga pale kwa ploti, mbuzi watapita wapi?"

"Ile ploti nimeinunua kwa jasho, Namalwa. Sijachukua cha mtu." Bwana Wanyonyi alikunywa chai. "Na kwani ni shida gani? Si watazunguka kidogo tu?"

Usiku huo Namalwa alifikiri sana, na mawazo ya Namalwa yalikuwa jambo la kuogopwa.

Kesho yake, baada ya ibada, wenye ploti, Bwana Wanyonyi akiwa mmoja wao, walikutana kwa Bwana Ondiek, mwenyekiti wao. Walitaka kwenda kuangalia mahali pa kuchimba kisima karibu na lambo. Namalwa alisimama mbele yao, mikono nyuma, uso wa mtakatifu.

"Kuna njia ya mkato huku nyuma. Wenyeji wanaipitia kila siku."

Kila neno lilikuwa la kweli isipokuwa moja.

Wazee wakamfuata na nguo zao za Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo mweusi wa Kitengela ukilowa haumruhusu mgeni aondoke bila zawadi. Punde si punde, kila kiatu kilikuwa kimebeba kiatu kingine cha matope. Mama Caroline alivua vyake vya visigino akavishika mkononi.

"Mkato gani huu usiokata?" Bwana Ondiek alinung'unika. "Nani aliipinda hii njia?"

"Si tumeanza kwa kuzunguka ua wako, mwenyekiti?" Mama Caroline akamuuliza.

"Wangu ni kona tu. Ukuta wako ndio umeturudisha nyuma."

"Wangu? Mimi niliwaambia watu wazunguke kidogo..." Mama Caroline akageuka kuutazama ukuta wake.

Walipofika kwenye uwazi wa mwisho, hapakuwa na uwazi tena. Fundi alikuwa amesimamisha nguzo na kuzifunga waya. Mbuzi mwenye pembe moja alikuwa amegusisha paji la uso kwenye nguzo, na nyuma ya kundi alikuwa Nalotuesha, macho mekundu.

"Mtoto, mnapita huku kila siku?" Mama Caroline aliuliza.

"Ndiyo, mama. Lakini leo ni mwisho. Pamefungwa."

"Nani amefunga?"

Namalwa alimtazama rafiki yake. Safari hii hakuinamia kiatu.

"Ni sisi," alisema. "Nguzo ni zetu, rangi nilipaka mimi. Jana nilijua nikanyamaza. Na hakuna mkato. Niliwadanganya ili mtembee."

Bwana Ondiek alikohoa. "Kila mtu hapa ana hati ya ploti yake."

"Hata mimi niko nayo, mwenyekiti," Bwana Wanyonyi alisema taratibu, akiyatazama matope ya viatu vyake. "Lakini hati yangu haijanikataza kuacha njia."

Siku hiyo hiyo alikata waya. Mama Caroline alibomoa kona ya ukuta, na Bwana Ondiek, baada ya kunung'unika kwa heshima ya cheo chake, alivuta ua wake ndani. Tajiri mmoja wa Nairobi, mwenye ua mwingine njiani, hakupatikana, hivyo kona moja ilibaki. Lakini Jumatatu ya pili, Nalotuesha aliingia shuleni kabla ya kengele, na Mwalimu Githongo akaitikisa saa yake akidhani imesimama.

Adhabu ya Namalwa ilikuwa kuchimba mashimo mapya ya nguzo kando ya njia iliyoachwa, mvua au jua. Baba yake alichimba pamoja naye.

"Umenikasirikia, Baba?" Namalwa aliuliza.

"Kwa uongo, ndiyo. Ungeniambia, 'Baba, twende tutembee na mbuzi,' ningekuja. Watu waliodanganywa mara moja hawatakufuata mara ya pili, hata ukiwa na ukweli mkononi." Alifuta jasho. "Lakini sisi wakubwa tulifanya vibaya zaidi. Mtu mmoja angeiziba ile njia yote, tungempeleka kwa chifu. Tuliiziba kidogo kidogo, kila mtu kipande chake, na kila mtu akalala vizuri. Kabla ya kusema changu ni kidogo, mwanangu, uliza kwanza wangapi wamekwisha kusema hivyo."

Akampa jembe. "Sasa chimba. Shimo hili halijafika kina."