Sufuria Iliyolala Jikoni

Jumanne, tarehe 18 Juni, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, taa ya choo ilikuwa inawaka.

Chizuru Inoguchi aliiona kupitia ufa wa chini ya mlango. Nje mvua ya msimu ilikuwa inanyesha, siku ya tano mfululizo.

"Baba," aliita. "Ni tumbo tena?"

"Nenda ukalale," Mzee Tokuji alijibu kutoka ndani. Alikuwa baba mkwe wake, mwenye miaka themanini na tatu. "Nitatoka mwenyewe."

Hakutoka mwenyewe. Miguu ilimwishia nguvu mlangoni, na Chizuru alimshika kwapani. Shuka za mzee zilikuwa zimechafuka. Chizuru alizitoa kitandani, akazisuuza, akaziweka kwenye mashine ya kufulia. Kisha aliketi sakafuni mbele ya mashine, akaitazama ikizunguka. Baada ya saa mbili alitakiwa awe kiwandani. Kazi yake ilikuwa kupanga vijiko kwenye maboksi, kwa muda wa saa nane kila siku.

Mumewe Shuhei alifanya kazi mji wa mbali, Nagoya, na alirudi mara moja kwa mwezi. Nyumbani, mjini Tsubame, walibaki watatu: Chizuru, binti yake Kaho wa miaka kumi na mitatu, na mzee.

"Usimwambie Yoshie," mzee alisema alipolala tena.

Yoshie alikuwa dada wa Shuhei. Wiki mbili kabla alileta fomu ya makao ya wazee. "Wifi, mtu asiyeweza kuzuia choo chake anahitaji wauguzi," alisema siku hiyo. "Na wewe unakonda. Nafasi zinafungwa tarehe 20 Julai." Fomu ilikuwa kwenye droo ya pili jikoni. Chizuru alikuwa hajaijaza. Alikuwa hajaitupa pia.

Saa moja na nusu alitoka na mifuko miwili ya taka, mmoja ukiwa wa vitambaa alivyomfutia mzee. Kwenye kituo cha taka cha mtaa, Bi Orie Kusakabe alikuwa anatandaza wavu wa kuzuia kunguru. Wiki hiyo haikuwa zamu yake. Alikuwapo hata hivyo, kama kawaida.

"Mama Kaho, macho mekundu hivyo! Umekata vitunguu vya mtaa mzima?"

"Ni baba. Tumbo."

"Tena?"

"Mara ya tatu. Ni uzee tu."

Bi Orie aliacha wavu. "Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 21 Mei. Ya pili, tarehe 4 Juni. Siku zote mbili ulikuja hapa na mifuko miwili badala ya mmoja. Leo pia ni miwili, na leo pia ni Jumanne. Uzee gani huo unaofuata kalenda ya kuzoa taka?"

Chizuru aliweka mifuko chini.

"Jumatatu jioni huwa mnakula nini?"

"Kari. Kila baada ya wiki mbili napika Jumapili sufuria kubwa, tunakula siku mbili tatu."

"Na usiku sufuria inalala wapi?"

"Jikoni, juu ya jiko. Si ndiyo inakolea? Kila mtu anafanya hivyo."

"Kila mtu," Bi Orie alirudia. "Haya. Mpeleke mzee kwa daktari kwanza. Mtu wa umri ule akiishiwa maji mwilini, hiyo si ya kusubiri. Jioni nakuja. Sufuria usiiguse, na mtu asiile."

Bi Orie alikuwa amestaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alipika kwenye jiko la shule, chakula cha watoto mia sita kila siku. Kari ilipikwa kila mwezi. Katika miaka hiyo hakuna mtoto aliyeumwa kwa chakula chake. Hakupenda kulisema hilo. Akiulizwa, alisema tu kwamba liko kwenye rejista ya shule.

Daktari alimwongezea mzee maji kwa mshipa. Alisema huenda ni chakula, akaagiza anywe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo. Hakuchukua kipimo.

Saa kumi na mbili na nusu jioni Bi Orie alivua viatu mlangoni, akaingia jikoni na kipimajoto chenye ncha ndefu.

"Jana nani alikula?"

"Babu na mimi," Kaho alisema. "Mimi tumbo lilinikata asubuhi shuleni. Nilidhani ni mtihani wa hesabu."

"Kwa nini hukusema?" mama yake aliuliza.

"Ulikuwa umechoka."

"Na wewe, Mama Kaho?"

"Sikula. Nilirudi sina hamu. Nilimwagia wali chai isiyo na sukari, nikala huo."

Bi Orie aliitikia kwa kichwa. "Washa jiko kama ulivyowasha jana."

Sufuria ilikuwa bado nusu. Baada ya dakika nne mapovu yalitokea pembeni.

"Jana ulizima hapa?"

"Ndiyo. Ukiacha zaidi inaungua chini, na nani ataisugua?"

Bi Orie alichoma kipimajoto pembeni. Nyuzi themanini na tisa. Akakichoma katikati. Nyuzi arobaini na saba.

"Unaona? Pembeni panatokota, wewe unadhani imechemka. Hiyo arobaini na saba, kwa kijidudu ninayemfikiria mimi, ni maji ya kuoga."

Mlango wa kutelezesha wa chumba cha pili, wa fremu na karatasi, ulisogea kidogo. "Orie!" mzee aliita kutoka kitandani. "Kari isiyolala si kari! Marehemu mke wangu aliilaza jikoni miaka hamsini. Nani alikufa?"

"Babu, marehemu alipikia kwenye jiko lenye upepo kila upande. Januari kitambaa cha vyombo kiliganda mpaka kikasimama chenyewe. Sasa mmejenga upya, mna madirisha ya vioo viwili. Humu ndani saa hizi ni nyuzi ishirini na saba. Tena enzi hizo mlikuwa saba mezani. Kilikuwa kinabaki nini?"

"Kidogo," mzee alikiri.

"Kidogo. Basi tulia unywe maji yako."

Chizuru aliketi. "Lakini Bi Orie, Jumapili ilichemka kabisa. Ilichemka nusu saa."

"Hapo ndipo watu wengi wanakosea. Kijidudu huyo anatoka kwenye udongo na kwenye matumbo ya wanyama. Anakuja na nyama, anakuja na viazi. Ukichemsha, yeye anakufa. Mbegu zake hazifi. Zina ganda gumu. Sasa sufuria kubwa, kari nzito, ndani hakuna hewa, inapoa taratibu usiku kucha. Mbegu zinaamka, zinazaana. Harufu haibadiliki. Ladha haibadiliki. Mtu anawameza vijidudu wakiwa hai, wanafika tumboni, huko ndiko wanatoa sumu. Saa sita hadi kumi na nane baada ya kula, tumbo linaanza. Jana mlikula saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

"Na taa ya choo?"

"Kumi na moja na dakika ishirini."

"Muda wa saa kumi na dakika ishirini kati yake. Sikiliza, hakuna aliyepima, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni yeye. Lakini siku, saa na sufuria vinakubaliana. Na mtu mzima mwenye afya anaumwa siku moja anasahau. Mzee anaweza asiinuke."

Chizuru alifunika uso kwa viganja. "Mimi nikifika nyumbani nimekwisha," alisema. "Sufuria hii ndiyo Jumatatu yangu. Ukiniambia nipike upya kila siku, nitajaza ile fomu ya makao ya wazee leo hii."

"Nani kasema upike kila siku? Kari ilale. Ila ihame chumba. Dakika ishirini tu za kuipoza, kisha friji."

Waliimwaga kari iliyobaki kwenye magazeti ya zamani, upawa kwa upawa, wakayafunga kwenye mfuko. Chizuru alisugua sufuria.

Jumapili tarehe 30 Juni walipika tena. Yoshie alikuja kuulizia fomu, akaelezwa yote, akapewa karoti azimenye na kuzikata.

"Yaani baba amechafua kitanda mara tatu, na dawa yake ni kipimajoto?" Yoshie aliuliza.

"Karoti kwanza, maneno baadaye," Bi Orie alimjibu. "Na ukubwa uwe mmoja. Unamkatia sungura?"

Chizuru alikaanga vitunguu kwa moto mdogo mpaka vikawa rangi ya udongo. Akatia nyama ya nguruwe, kisha karoti, kisha maji. Maji yalipochemka aliondoa povu juu, akatia viazi. Dakika kumi na tano baadaye kiazi kilichomeka kwa kijiti bila kupasuka. Alishika boksi la vipande vya kari, vile vigumu vinavyovunjwa kama chokoleti.

"Zima moto," Bi Orie alisema. "Ukivitia kwenye maji yanayochemka, nje vinaganda, ndani vinabaki madonge. Zima, tia, koroga, acha viyeyuke. Halafu washa moto mdogo, dakika kumi, na mwiko usitoke chini."

Walikula kwa wali na achari nyekundu. Ilipobaki nusu sufuria, Bi Orie hakumruhusu mtu kuketi.

"Sasa ndiyo kazi yenyewe."

Chizuru alipakua kari kwenye vyombo vitatu bapa, kina cha vidole viwili, si zaidi. Aliviweka kwenye beseni la maji na barafu, akakoroga kimoja baada ya kingine. Kaho alishika kipimajoto, akaandika kwenye kalenda ya taka iliyoning'inia karibu na friji: nyuzi 81. Nyuzi 52. Nyuzi 34. Nyuzi 19. Ilichukua dakika ishirini na mbili.

"Ulisema ishirini," Chizuru alisema. Mgongo ulikuwa unamuuma.

"Mbili ni za Yoshie. Amesimama mbele ya barafu."

Saa mbili na dakika kumi vyombo viliingia kwenye friji.

Mlangoni, Yoshie alivaa viatu polepole. "Wifi, sitaki kumwondoa baba kwa kupenda," alisema. "Lakini ikitokea tena hata mara moja, naijaza mimi mwenyewe."

"Sawa," Chizuru alisema.

Jumatatu alirudi kazini saa kumi na mbili na dakika arobaini. Alitoa vyombo viwili, akamimina kari kwenye sufuria, akaongeza maji nusu kikombe. Alikoroga kuanzia chini bila kuacha, mpaka mapovu yakapasuka katikati. Bi Orie alikuwa amemwambia katikati ipite nyuzi sabini na tano, ikae hapo walau dakika moja. Kaho alipima. Tisini na tatu. Chini hapakuungua, kwa sababu mwiko haukusimama.

Mzee alionja. Wote wawili walimtazama.

"Imelala," alisema. "Hata ya marehemu haikulala hivi." Akasogeza sahani aongezewe.

Jumanne, tarehe 2 Julai, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, taa ya choo ilikuwa imezimwa. Chizuru alikuwa ukumbini, ameegemea ukuta. Alisubiri nusu saa. Mzee alikuwa anakoroma. Chizuru alirudi kulala, akachelewa basi la kazini.

Tarehe 14 Julai alipika tena, peke yake. Kupoza kulichukua dakika kumi na tisa. Tarehe 16, Jumanne, taa haikuwaka.

Asubuhi hiyo Yoshie alipiga simu. "Vipi?"

"Hakuna kitu. Anakula mkate."

"Basi usiijaze, wifi," Yoshie alisema. "Na wewe upumzike."

Chizuru aliweka simu. Nusu saa baadaye alitakiwa kiwandani. "Baba," alisema, "ile fomu iko droo ya pili. Itupe mwenyewe."

Saa moja na dakika arobaini Mzee Tokuji alifika kwenye kituo cha taka kwa miguu yake, na mfuko mmoja. Bi Orie aliupokea, akautazama kwenye mwanga.

"Babu, humu mna karatasi."

"Ni za kutupwa."

"Leo ni taka za kuchoma. Karatasi ni Alhamisi. Unajua kusoma?"

"Orie, hii ni fomu ya kunipeleka kwa wazee!"

"Hata ingekuwa barua ya waziri. Alhamisi."

Mzee aliitoa, akaikunja mara nne, akarudi nayo nyumbani akinung'unika.

Alhamisi, tarehe 18 Julai, saa mbili na dakika tano asubuhi, gari la kuzoa karatasi lilipita, likaondoka na fomu.