Dirisha la Dawa

Baba yangu ni seremala. Karakana yake ni ua wa nyumba yetu. Asubuhi jua likiingia uani, vumbi la mbao huelea hewani polepole, kama linatafuta mahali pa kulala. Nilipokuwa mtoto nilidhani vumbi lile ni ndoto zetu za usiku, zimechelewa kuondoka. Bado nadhani hivyo, ila sisemi mbele za watu.

Nyumbani tuko wanne. Yuko Baba. Yuko Bibi, mama yake Baba. Yuko Shangazi, dada yake Baba, anayeshona sare za shule chumba cha mbele. Na mimi. Randa inaimba huku, cherehani inajibu kule.

Siku ilipofika barua ya chuo kikuu, Shangazi alisimamisha cherehani akaisoma. Ilisema nimepata nafasi ya kusomea Serikali, Siasa na Sera za Umma. Akaisoma tena.

"Siasa?" akasema. "Mtu anasomea makelele? Si anafungua mdomo tu?"

"Watampa digrii ya kupiga makofi," Baba akasema. Akacheka mpaka randa ikamponyoka.

"Si makelele, Shangazi. Ni kujua mambo ya watu wengi yanaamuliwaje."

"Yanaamuliwa na wakubwa. Haya, nimekufundisha bure. Sasa nenda kasomee uhasibu."

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mwacheni aende," akasema. "Angalau mmoja wetu ajue hao wakubwa wanakaa chumba gani."

Nikaenda.

Siku ya kwanza darasani nilingoja kusikia habari za vyama na uchaguzi. Hizo zilikuja baadaye. Mwalimu wetu, mama mfupi mwenye sauti ndogo, aliingia akaufunga mlango. Akaufungua. Akaufunga tena.

"Nani aliamua mlango huu ufungukie ndani?" akauliza.

Mwanafunzi mmoja akasema hakuna.

"Yupo aliyeamua. Asubuhi moja, pengine akinywa chai. Kila kitu cha umma kiliwahi kuwa wazo kichwani mwa mtu. Uamuzi unaogusa watu wengi, ukiandikwa na kufuatwa, tunauita sera. Kazi yenu hapa ni kuufuata uamuzi kinyumenyume, mpaka mjue ulitoka wapi, nani alikuwepo, na nani hakuwepo."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, lakini sikumbuki kutembea. Taa za barabarani, mitaro, benchi za kituoni, kila kitu kilinigeukia na kuniuliza: nani aliniamua mimi? Niliona mji mzima kama wazo la watu niliokuwa sijakutana nao. Nikagongana na mkokoteni.

"Dada!" mwenye mkokoteni akapiga kelele. "Umelala wima?"

Mwezi ule ule Bibi alianguka.

Bibi ana presha. Kila mwezi huenda zahanati, anapimwa, kisha anachukua dawa dirishani. Dirisha lile liko juu. Bibi ni mfupi. Akisimama pale haoni kitu ila ukuta. Huinua mkono, mfuko wa dawa unashuka kiganjani, na sauti inasema jambo huko juu. Safari hii sauti ilisema dozi imebadilika, vidonge viwili sasa ni kimoja. Bibi hakusikia vizuri, wala hakuona kidole kilichokuwa kinamwonyesha. Akaendelea kumeza viwili. Siku ya nne kizunguzungu kikamwangusha mlangoni pa jiko.

Alipona. Lakini akakata shauri.

"Sirudi pale," akasema. "Dirisha lile ni la ndege. Nimelea watoto sita, sinyooshi mkono hewani kama naomba mvua."

"Mama, nitakutengenezea kigoda," Baba akasema. Jioni hiyo hiyo kigoda kikawa tayari, kimepigwa msasa vizuri.

Bibi alikitazama. "Nipande hicho mbele za watu? Kama mtoto anayeiba sukari?"

Shangazi akaangua kicheko, kisha akanyamaza, maana Bibi hakuwa anacheka. Ningeweza kumchukulia dawa mimi, lakini hawatoi dawa mpaka mgonjwa apimwe, na hakuna anayepimwa presha kwa niaba ya mwenzake. Nilitazama ndani ya kikopo chake. Dawa zilizobaki zilikuwa za wiki tatu.

Nikamwendea jirani yetu, Bi Faili. Hilo ni jina la utani. Alifanya kazi masjala ya halmashauri miaka thelathini, kule wanakotunza majalada, na mpaka leo anapanga hata mboga kwa tarehe.

"Kila mtu analilalamikia dirisha," nikamwambia. "Mambo kama hayo yanaamuliwa wapi?"

"Wanalalamika kwa nani?"

"Kwenye foleni."

"Foleni haina muhuri, mwanangu." Akavuta karatasi. "Kaa. Zahanati ni ya umma, kwa hiyo ina kamati. Kamati ina vikao. Vikao vina kumbukumbu, yaani yale yaliyosemwa yakaandikwa. Na mwananchi anaweza kuomba kuyasoma. Andika barua fupi. Sema wewe ni nani, unataka nini, na kwa nini. Tatizo moja, barua moja. Usitukane. Toa nakala mbili. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri wa kupokea, urudi nayo."

"Wakikataa kugonga?"

"Utasimama pale, mpole kama paka, mpaka wagonge. Mimi nimewagongea wengi kwa sababu walikataa kuondoka."

Niliandika. Nikapeleka halmashauri. Nikasimama kama paka. Wakagonga.

Baada ya siku tano niliitwa. Karani alinipeleka chumba cha nyuma chenye rafu hadi darini. Mwanga wa mchana ulipita kwenye kioo chenye vumbi, ukayalalia majalada kama maji yaliyotulia. Nilihisi niko chini ya ziwa. Nikafungua jalada la zahanati, nikaanza kurudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwaka wa ujenzi.

Ramani ilikuwepo. Dirisha la dawa: sentimita mia moja na arobaini kutoka chini. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwamba ramani imenakiliwa kutoka ile ya ghala. Ghalani dirisha hilo lilikuwa la kupitishia magunia kwenda kwenye lori! Na zahanati nyingine tatu zilijengwa kwa ramani ile ile.

Kisha nikasoma kumbukumbu za kikao. Waliohudhuria walikuwa watano, wote wanaume. Wananchi walialikwa kwa tangazo ubaoni, hakuna aliyefika. Halafu maneno haya: "Mjumbe mmoja aliuliza kama dirisha si la juu mno. Fundi seremala aliombwa asimame mbele yake. Fundi alisimama, akasema linamfaa. Ikakubaliwa."

Chini palikuwa na sahihi ya fundi. Naijua sahihi ile. Ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule.

Baba ni mrefu. Dirisha lile linamfika kifuani.

Karani alinipa nakala. Kikao cha kamati, ambacho wananchi huruhusiwa kusema, kilikuwa kesho yake, na Baba alikuwa ameahidi kuja. Jioni tulikula pamoja, karatasi ile ikiwa imekunjwa mapajani mwangu. Baba alinimegea kipande kikubwa cha samaki. Nikala chote.

Kikaoni kulikuwa na watu kumi na wawili, maana Bi Faili alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kama mtu anayealika arusi. Fundi viatu wa kona alikuja na kiti chake cha magurudumu. Baba alikaa nyuma. Mwenyekiti alinipa dakika tano.

Nilieleza kilichompata Bibi, nikataja vipimo, kisha nikasoma kumbukumbu neno kwa neno.

Mwenyekiti akacheka. "Alisimama akasema linamfaa! Huyo fundi alikuwa twiga? Ni nani?"

Ukumbi ukacheka. Ningeweza kusema sijui. 

"Ni baba yangu," nikasema. "Amekaa pale nyuma. Hakuwa na nia mbaya. Aliulizwa peke yake, akajibu kwa mwili wake. Waliokuwa wafupi hawakuulizwa. Waliokaa kwenye viti vya magurudumu hawakuulizwa. Na sisi tulioalikwa ubaoni hatukuja."

Kicheko kilikatika. Watu waligeuka. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

Fundi viatu akainua mkono. "Mimi mfuko wangu wa dawa huwa unarushwa," akasema. "Mwezi uliopita niliudaka kwa meno."

Kamati ikaamua mambo mawili. Kuanzia kesho yake, dawa zitolewe mezani, nje ya dirisha. Na dirisha lishushwe, ila kwanza kipatikane kimo kinachowafaa watu wote.

Tulirudi nyumbani, Baba akiwa hatua kumi mbele yangu.

Asubuhi sikusikia randa. Nilitoka nikamkuta Baba kwenye kizingiti cha mlango, penseli sikioni.

"Mama," alikuwa anasema, "simama hapa. Kunja kiwiko. Hivyo hivyo."

Akachora mstari kwenye mwimo wa mlango. Kisha akamwita Bi Faili. Akamwita Shangazi. Akatoka barabarani, akamwita fundi viatu, mama mjamzito wa nyumba ya pili, na mwuza maji. Mchana mwimo wetu ulikuwa umejaa mistari, mingine juu, mingine chini, kama ngazi ya watu wadogo wadogo waliokuwa wanapanda kwenda kwenye mwanga. Vumbi la mbao lilielea katikati yao. Nilisimama nikatazama, na kwa kitambo sikujua kama nimeamka.

Baba aliipeleka mistari ile kwa kamati, imeandikwa kwenye ubao. Wakapatana sentimita themanini. Dirisha alilishusha mwenyewe, kwa siku mbili. Miezi miwili baadaye halmashauri iliziandikia zahanati zote nne: dirisha la dawa lisizidi sentimita themanini, na kabla ya kujenga, wapimwe watumiaji wa aina zote. Bi Faili alinisomea barua hiyo kwa sauti. Kisha akaniuliza kama naelewa ameshika nini.

"Sera," nikasema.

Lakini Bibi hakungoja barua. Siku ya kwanza ya dirisha jipya alivaa nguo zake nzuri, akaenda. Akaweka viwiko vyote viwili dirishani. Akamtazama mgawa dawa usoni kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni kijana mzuri hivi!" akasema. "Miaka yote nilidhani nahudumiwa na mkono tu. Haya, rudia polepole. Kimoja saa ngapi?"

Sasa anameza kimoja, asubuhi. Hajaanguka tena.

Shangazi peke yake hajatulia. Jana, mbele ya Baba, alisimamisha cherehani.

"Dirisha ni zuri, sikatai," akasema. "Lakini ulimvua nguo baba yako mbele za watu. Ungemwambia kwanza nyumbani. Mwombe radhi."

"Ningemwambia, asingekuja," nikasema. "Asingekuja, mlango wetu usingekuwa na mistari."

"Sikuulizi habari za mistari. Piga magoti."

Nilimtazama Baba. Alipuliza vumbi kwenye ubao, akapitisha kidole kuona kama umelainika.

"Kichwa chake kigumu kuliko mbao zangu," akasema. "Usijisumbue, dada yangu."

"Nimesema aombe radhi!"

"Magoti nitapiga nikisali, Shangazi," nikasema. " Kufua nitafua, na vifungo vya sare zako nitakushonea mpaka mwisho wa muhula. Kile kilichoandikwa nilikisoma kama kilivyoandikwa, na chuoni nitajifunza kukisoma vizuri zaidi. Siombi radhi."